Video Ile Ifuteni: Kijana, Nyuki na Bawa la Ndege



Ndugu yangu unayesoma, leo sikuletei fatwa wala mawaidha uliyoyazoea. Leo nakuletea kosa langu. Maneno ni marefu kidogo, basi kaa vizuri usome mpaka mwisho. Ukiishia katikati utaondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari ndiyo iliyonitia mimi katika haya ninayokusimulia.

Mwaka juzi, katika darsa ya baada ya Isha hapa kwetu Tanga, alisimama kijana mmoja kuuliza swali. Alikuwa likizo, anasoma uhandisi wa ndege huko Uturuki. Alisema kwa adabu: "Sheikh, kazi yangu ya kumalizia masomo ni kutafuta umbo bora la bawa la ndege kwa kompyuta. Natumia njia inayoitwa ya nyuki. Iko na nyingine inaitwa ya mageuko. Nauliza, je, ni halali kwangu kutumia hizi njia?"

Mimi nilisikia neno moja tu: mageuko. Sikumuuliza lina maana gani katika fani yake. Nikamjibu hapo hapo, mbele ya watu, kwamba wazee wake wameuza shamba kumpeleka ng'ambo akajifunze nyuki, na nyuki hata bibi yake anao mzingani. Watu wakacheka. Nikaongeza kwamba elimu za namna hiyo ni za kumtoa mtu kwenye dini. Watu wakaitikia. Kijana akakaa chini.

Mtu mmoja alirekodi. Kile kipande kikazunguka. Yawezekana wewe unayesoma sasa hivi ulikipata kwenye kundi lenu la wosapu, ukacheka, ukakituma mbele.

Miezi mitano baadaye mama yake yule kijana alinipigia simu. Hakunitukana, na laiti angenitukana ingekuwa nafuu kwangu. Alisema: "Sheikh, mwanangu ameacha ile kazi ya chuo. Anasema hataki kusoma kitu kinachomtoa kwenye dini. Na msikitini nako haendi, anasema anaona haya. Sasa sheikh, niambie mimi, nimempoteza wapi, chuoni au msikitini?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nikamwomba namba ya mwanawe.

KIJANA AKANIFUNDISHA

Aliporudi likizo nyingine nilikwenda kwao. Nilimwambia: "Mwanangu, mimi nilikujibu jambo nisilolijua. Leo wewe ndiye mwalimu. Nifundishe." Akatazama chini, akasema, "Sheikh, hapana, usiseme hivyo." Nikamwambia, "Leta hiyo kompyuta yako." Tukakaa barazani jioni tatu mfululizo, mama yake akituletea chai na vitumbua. Haya ninayokuandikia ni yale niliyoyaelewa pale, na mengine niliyoyasoma baadaye kwa kufuatilia.

Kwanza aliniuliza: "Sheikh, si marehemu baba yako alikuwa fundi wa mashua?" Nikasema ndiyo. "Alijuaje umbo la omo liwe vipi?"

Nikacheka. Baba hakuwa na mchoro. Alikuwa na tezo, randa na jicho. Mashua ikishushwa majini alikwenda nayo mwenyewe, akasikiliza maji yanavyopasuka omoni, akatazama usukani unavyovuta. Mashua inayofuata aliibadilisha kidogo. Ikienda vizuri zaidi, alibaki na lile badiliko. Ikiwa nzito, alirudi kwenye umbo la zamani. Na yeye naye alianzia pale alipoishia babu.

Kijana akasema: "Basi sheikh, hiyo ndiyo njia ya mageuko. Hakuna zaidi ya hapo."

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Jambo nililomwambia litamtoa kwenye dini, baba yangu alilifanya miaka yote ya uhai wake, na kwa jambo hilo hilo nililishwa nikasomeshwa Qur'ani.

JARIBIO LA BERLIN

Sikiliza habari hii ya kweli. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, palikuwa na wanafunzi wawili, Ingo Rechenberg na Hans-Paul Schwefel. Walitaka kujua kama umbo zuri la kupita hewani linaweza kupatikana kwa kujaribu na kubahatisha, bila mtu kulikokotoa kwanza.

Wakachukua bamba lililounganishwa kwa bawaba tano, kama kipepeo cha kukunja. Kila bawaba iliweza kukaa katika nafasi 51. Hesabu yake: 51 mara 51 mara 51 mara 51 mara 51. Utapata maumbo 345,025,251. Ukijaribu umbo moja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 650.

Wao hawakujaribu yote. Waliliweka bamba kwenye handaki la upepo, chombo ambacho hewa inapulizwa ndani yake kwa nguvu, likiwa limekunjwakunjwa mfano wa meno ya msumeno. Wakapima ukinzani wa hewa. Kisha wakabadilisha bawaba kidogo kwa bahati nasibu. Walikuwa na ubao wenye misumari. Gololi inaangukia kushoto au kulia, na hiyo ndiyo inayosema bawaba igeuzwe kiasi gani. Ukinzani ukipungua, wanabaki na umbo jipya. Ukiongezeka, wanarudi kwenye lile la kabla yake.

Baada ya majaribio mia chache tu bamba lilikuwa karibu limenyooka kabisa. Na bamba lililonyooka ndilo lenye ukinzani mdogo kuliko yote. Hilo walilijua tangu mwanzo. Walichagua makusudi swali ambalo jibu lake linajulikana, ili wapime njia yenyewe.

Baadaye Schwefel akaingia kwenye swali ambalo jibu lake halikujulikana. Ilikuwa mdomo wa bomba unaopitisha maji ya moto yanayogeuka mvuke ghafla. Wakautengeneza kwa vipande vya pete vinavyoweza kupangwa na kupanguliwa. Walianza na umbo ambalo wahandisi waliliamini, lililokuwa na ufanisi wa asilimia 55 hivi. Wakaishia karibu asilimia 80, kwa umbo lenye vichumba na mikunjo ya ajabu ambayo hakuna mhandisi angekubali kuichora.

Ndugu yangu, fikiri hapo. Wenye elimu walikuwa na umbo zuri, wakatosheka nalo. Aliyekubali kujaribu kitu kinachoonekana kibaya ndiye aliyefika mbali.

NYUKI WANAFANYA NINI NDANI YA KOMPYUTA?

Neno lenyewe linalotumika ni algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua hesabu. Limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Mimi niliyasema maneno yale msikitini bila kujua kwamba jina la fani niliyoikejeli limetoka kwa Muislamu mwenzangu.

Njia ya nyuki aliitoa Profesa Derviş Karaboğa wa Chuo Kikuu cha Erciyes, katika mji wa Kayseri, Uturuki, mwaka 2005. Inakwenda hivi.

Umbo la bawa linageuzwa kuwa namba: unene wake, mahali unene ulipo mkubwa, mpindo wa juu, mpindo wa chini, na kadhalika. Kijana wetu alitumia namba kumi na mbili. Ukibadilisha namba moja, bawa linabadilika. Kila bawa linakuwa kama ua moja shambani. Kompyuta inapiga hesabu ya hewa: bawa hili linainua kiasi gani, na linakinzana na hewa kiasi gani? Jibu hilo ndilo asali ya lile ua.

Wapo nyuki wa aina tatu. Wa kwanza ni wafanyakazi. Kila mmoja ana ua lake, anajaribu jirani yake kidogo, akipata bora anahamia. Wa pili ni watazamaji. Hao wanasubiri mzingani, wanapata habari za wafanyakazi, na wengi wao wanakwenda kwenye ua lenye asali nyingi. Hapa pameigwa ngoma ya nyuki, ile ambayo Karl von Frisch aliichunguza kwa miaka mingi mpaka akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973: nyuki anacheza, na kwa kucheza kwake anawaonyesha wenzake chakula kiko upande gani na mbali kiasi gani. Wa tatu ni mpelelezi. Mfanyakazi akilihangaikia ua lile lile mara nyingi asipate nyongeza, analiacha. Anakwenda kutafuta mahali papya kabisa, bila kujua atakuta nini.

Jioni ya pili kijana aliniwashia programu ile. Kwenye kioo palikuwa na mstari unaoshuka. Kushuka kwake ni ukinzani kupungua. Ukashuka, ukashuka, kisha ukanyooka. Nikamwambia, "Tayari, umeshapata." Akasema, "Bado sheikh. Hapo wamekwama."

Akanipa mfano wa Usambara. Mtu amepotea mlimani, ukungu umetanda, anataka kufika kileleni. Kila hatua anachagua panapopanda. Atafika mahali ambapo kila upande ni mteremko, atasema nimefika. Ukungu ukiondoka ataona amesimama juu ya kichuguu, na mlima wenyewe uko ng'ambo ya bonde. Ili aufikie lazima akubali kushuka kwanza.

Tulikuwa tunakunywa chai mstari uliposhtuka, ukashuka tena kwa ghafla. Mpelelezi mmoja alikuwa ameliacha ua lake, akaangukia mahali palipo bora, na wengine wakamfuata. Bawa lililotokea kwenye kioo lilikuwa jembamba mbele, na mgongo wake umejivuta nyuma. Halikufanana na lile la mwanzo.

Njia hii ya nyuki si pekee. Mwaka 1995 mwanasaikolojia James Kennedy na mhandisi Russell Eberhart wa Marekani walitoa njia inayoiga kundi la ndege: kila ndege anakumbuka mahali pazuri alipowahi kufika yeye, na anavutwa pia na mahali pazuri walipofika wenzake. Kabla yao, mwaka 1992, Marco Dorigo wa Milano, Italia, alitoa njia ya chungu, kwa kuiga ile harufu wanayoiacha njiani. Na mwaka 1975 John Holland wa Michigan alitoa kitabu juu ya njia ya kuchanganya sifa za wazazi wawili kupata mtoto. Zote hizi zimetumika kutafuta maumbo ya mabawa, mapanga ya mitambo ya upepo, na vichwa vya treni.

TRENI YA JAPANI

Nikupe mfano mmoja uuone kwa macho. Treni ya mwendo kasi ikiingia kwenye handaki inasukuma hewa iliyomo ndani, na upande wa pili hewa inatoka kwa mshindo unaowashtua wakazi. Wajapani waliteseka na jambo hili. Treni yao ya mfululizo wa 500, iliyoanza kazi mwaka 1997, ilipewa pua ya mita 15. Mhandisi mmoja, Eiji Nakatsu, ambaye ni mpenzi wa kutazama ndege, amesimulia kwamba walipata fikra kwa mdomo wa mdiria, yule ndege anayezama majini kukamata samaki bila kuyarusha maji. Pua ilikwenda kilomita 300 kwa saa. Lakini ilikula nafasi, viti vya mabehewa ya mwisho vikapungua.

Treni ya N700 ilipoanza mwaka 2007, umbo la pua yake lilitafutwa kwa kompyuta kwa njia ile ya wazazi na watoto niliyokutajia. Ikatoka pua ya mita 10.7 tu, na treni ikafika kilomita 300 kwa saa huku viti vimebaki.

Unaona tofauti? Kuna kuiga umbo la kiumbe, na kuna kuiga namna ya kutafuta. Katika historia yetu Abbas bin Firnas wa Qurtuba, huko Andalusia, karne ya 9, amesimuliwa na mwanahistoria al-Maqqari kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka, kisha akaumia wakati wa kutua kwa sababu hakujiwekea mkia. Aliiga umbo, likapungua kitu kimoja. Allah amrehemu, alithubutu.

SASA TUJE KWENYE DINI

Ndugu zangu, watu wa namna yangu tuna haraka ya mambo mawili. Ama tunaharamisha kitu tusichokijua, ama tukishakijua tunakimbilia kusema, "Haya yote yalikuwemo kwenye Qur'ani, wazungu wametuibia." Yote mawili ni uvivu.

Qur'ani ina sura yenye jina la nyuki, Surat An-Nahl, na imetaja kwamba Mola alimfunulia nyuki ajenge majumbani kwake milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu. Ina sura yenye jina la chungu, Surat An-Naml. Imetuita tuwatazame ndege walio juu yetu wakikunjua na kukunja mabawa. Hayo ni mazingatio, yanatufundisha kutazama. Lakini haikusema bawa liwe na unene kiasi gani, na haikushuka kwa ajili hiyo. Anayetazama ndiye anayepata. Karaboğa alitazama nyuki akaandika njia. Mimi nimesoma sura ile tangu utotoni, nikamtazama nyuki kama kitu cha kufanyia mzaha.

Hata wenyewe wataalamu wanakosoana. Mwaka 2015 mtafiti Kenneth Sörensen aliandika makala kulaumu mtindo wa kila mtu kuja na mnyama wake, huyu popo, huyu mbwamwitu, ilhali hesabu ndani ni ile ile ya zamani imevalishwa ngozi mpya. Jina zuri la kiumbe halikifanyi kitu kuwa kweli. Jambo linapimwa kwa matokeo yake.

Na kuhusu neno mageuko lililonitia haraka: kutumia utaratibu wa kubadilisha, kupima na kuchagua ndani ya kompyuta hakumlazimishi mtu kusema lolote juu ya kuumbwa kwa baba yetu Adam. Ni chombo cha kazi, kama tezo ya baba yangu. Ningemuuliza swali moja tu usiku ule, ningelijua hili.

Kumbuka kisa cha wenye mitende wa Madina, kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwaona wakipandikiza mitende, akatoa rai kwamba huenda wasipofanya ingekuwa bora. Wakaacha, mavuno yakaharibika. Alipoambiwa aliwaeleza, kwa maana yake, kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Yeye, mbora wa viumbe, alisema hivyo mbele ya wakulima. Mimi ni nani nishindwe kusema hivyo mbele ya mwanafunzi?

Na kumbuka hudihudi. Nabii Sulaiman (a.s.) alipewa ufalme usio na mfano, akamkosa ndege yule, akasema atamwadhibu asipoleta udhuru wa wazi. Hudihudi akaja akamwambia ameyajua mambo ambayo yeye Sulaiman hayajui. Nabii hakumcheka. Alisema atatazama kama amesema kweli. Kijana alinijia kama hudihudi, ana habari kutoka mbali. Mimi sikutazama. Nilichekesha watu.

MAMBO MATATU NILIYOYABEBA

La kwanza ni kigezo. Kijana alinionyesha kitu jioni ya tatu. Aliiambia kompyuta: nitafutie bawa lenye ukinzani mdogo, basi. Hakuweka sharti jingine. Nyuki wakafanya kazi kwa bidii, wakaleta bawa jembamba kama wembe. Ukinzani mdogo kweli, lakini haliinui, halina pa kuweka mafuta, na lingevunjika siku ya kwanza. Nikamwuliza, "Nyuki wamekosea?" Akasema, "Hapana sheikh. Wamenipa nilichoomba. Nimekosea mimi kuomba."

Hapo niliinama. Ndugu yangu, nia ndiyo kigezo. Nafsi yako ni mtumishi hodari, itakuletea kile ulichoipimia. Ukiipimia sifa, itakuletea maneno yanayosifiwa. Usiku ule mimi kigezo changu kilikuwa kicheko cha watu, na kicheko nilikipata. Kijana akapotea. Na wewe unayeandika hapa kila siku, jiulize unapimia nini: ukweli, au idadi ya waliopenda?

La pili ni kichuguu. Nimesomesha miaka mingi, watu wananiitikia, kila upande ninaotazama naona mteremko. Nikadhani niko kileleni. Kumbe ni ukungu. Kuomba radhi ni kushuka bondeni, na kushuka kunauma. Lakini hakuna njia nyingine ya kufika mlimani.

La tatu ni hatua. Rechenberg aliweka kanuni: tazama majaribio yako, yakifaulu zaidi ya moja katika matano, kuza hatua, maana unajaribu mambo mepesi, yakifaulu pungufu ya hapo, punguza hatua. Nimeipenda sana. Kijana anayefeli mara nne akafaulu ya tano, sisi tunamwita hana kichwa. Katika fani ile huyo yuko pale pale anapotakiwa kuwa. Mzazi, mwalimu, usimvunje mtoto kwa majaribio manne. Na wewe uliyetubu ukaanguka, ukatubu ukaanguka, usijione umekwisha. Rudi kwenye hali bora uliyokuwa nayo, anza tena kwa hatua ndogo. Mlango wa toba haujafungwa.

NINALOKUOMBA

Kijana amerudi chuoni. Amepoteza mwaka mzima, na mwaka ule uko shingoni mwangu. Nimemwomba radhi mbele ya mama yake, na Ijumaa iliyofuata nikasimama baada ya swala, nikayasema mbele ya watu wa msikiti, wengi wao wakiwa wale wale waliocheka. Alikuwepo, safu ya tatu. Hakusema kitu. Tulipotoka alinishika mkono akaniambia, "Sheikh, nikimaliza nitakuletea lile bawa ulione." Nimelia njia nzima.

Lakini video bado inazunguka. Juzi nimetumiwa na mtu wa Mombasa, ameandika chini yake, "Sheikh kawapasha." Hapana. Sheikh alipotea njia. Kosa nililolifanya mbele ya watu siwezi kulitubia chumbani peke yangu, lazima nilirudie mbele ya watu. Ndiyo maana nimeandika.

Basi nakuomba kwa ajili ya Allah: ukiwa nayo, ifute. Ukiwa uliituma kwenye kundi, tuma na maneno haya hapo hapo. Ukiwa wewe ni kijana unayesoma uhandisi, udaktari, kompyuta, na sheikh mmoja kama mimi alikuvunja moyo, usiache elimu yako wala usiache msikiti wako. Mtafute umweleze taratibu, pengine hajui. Na ukiwa wewe ndiye sheikh, jifunze kusema neno "sijui", kisha uongeze: "nifundishe."

Wazee wetu wa pwani wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nimerejea.

Ewe Mola, tusamehe tuliyoyasema bila ujuzi, waongoze vijana wetu katika elimu yenye manufaa, wape subira wazazi wao, na umrehemu baba yangu na mafundi wote waliotangulia. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.